Barua ya wazi kwa watahiniwa wa kidato cha nne: miezi ile ya kungoja

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi mnapopita mbele ya nyumba yangu na madaftari kifuani. Marahaba. Leo naomba mnisikilize kwa kirefu kidogo, maana Novemba inakaribia na baada ya hapo hamtapita tena njia hii.

Mtamaliza mtihani mwishoni mwa Novemba. Matokeo yamezoeleka kutoka Januari. Atakayechaguliwa kidato cha tano ataripoti Julai. Hesabuni wenyewe, ni miezi saba. Walimu wenu wamewaandaa miaka minne kwa ajili ya karatasi za Baraza la Mitihani, na wamefanya kazi yao. Lakini miezi hiyo saba sijasikia mtu akiwaandalia, na mimi nimeona vijana wengi wa mtaa huu wakipotelea humo humo. Kijana anaingia Desemba akiwa mwanafunzi, anatoka Julai akiwa mtu wa kijiweni, na wala hakukusudia.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1978. Niliingia karakana ya kiwanda kimoja hapa Morogoro nikiwa msaidizi wa fundi, nikafanya majaribio ya ufundi daraja la tatu, baadaye la pili, nikawa fundi mchundo. Kiwanda kikafungwa miaka ya 1990, kama vilivyofungwa vingi vya mji huu, nikahamia kwingine mpaka nilipofikisha miaka 60. Vijana waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu.

Tuliingia karakana vijana wawili siku moja. Katika mtihani wa kidato cha nne mimi nilikuwa na daraja la pili, mwenzangu la nne. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake. Nilikuwa nafungua pampu, natoa beringi mbovu, naweka nyingine, yeye bado anapanga spana. Mwaka haujaisha, fundi mkuu akamkabidhi yeye funguo za stoo. Niliumia. Nikamwambia mama yangu kwamba pale kazini kuna upendeleo, na niliamini hivyo kwa miezi mingi.

Siku moja nilichelewa kutoka, nikaona. Kabla ya king'ora cha jioni yule mwenzangu alikuwa anahesabu spana moja moja, anazifuta grisi, halafu anamfuata fundi mkuu na kumwambia: "Mzee, pampu ya pili sijaimaliza. Nati mbili sijazikaza, nimeziwekea alama ya chaki." Hakuulizwa. Mimi nilikuwa nangoja niulizwe, na nikiulizwa jibu langu lilikuwa "bado kidogo tu." Fundi mkuu akitoka kwangu alilazimika kwenda kukagua mwenyewe. Akitoka kwa mwenzangu alikwenda nyumbani kulala.

Pale karakana tulimwita mtu wa namna ile mtu wa kuachiwa kazi. Si lazima awe hodari kuliko wote. Ukimwachia kazi ukaondoka, unajua utakaporudi utakuta nini, hata kama ni habari mbaya. Nimekaa kwenye usaili upande wa waulizaji mara nyingi, na nawaambia kweli kwamba ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Cheti kilimfikisha kijana mlangoni kwetu. Kukaa ndani kulitegemea hili.

Sasa jambo hili halifundishiki ubaoni, ndiyo maana naitazama miezi yenu saba kwa hamu. Mtihani ukiisha pumzikeni wiki mbili, mmestahili. Kisha kila mmoja atafute mahali penye kazi halisi: gereji, duka la dawa za mifugo, kwa fundi cherehani, mashine ya kusaga, bustani ya mboga, ofisi ya fundi umeme wa majumbani. Nenda umwamkie mwenye kazi, mwambie unataka kujifunza, na uombe akupe jukumu moja dogo liwe lako: kufungua duka saa moja asubuhi, kuandika daftari la mauzo, kutunza vifaa. Moja tu. Lifanye miezi mitatu bila kukosa, na siku utakayokosa sema mapema.

Wazazi, na ninyi nawaomba. Mtoto asiende bure kabisa. Nauli na chakula vizungumzwe mwanzoni mbele yenu. Na aliye chini ya miaka 18 sheria hairuhusu awekwe kwenye kazi ya hatari, basi msikubali apandishwe juu ya paa au apewe mashine ya kukata vyuma kwa sababu tu "anajifunza."

Kuhusu tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, na vyuo mlivyojaza kwenye selform, ile fomu ya kuchagua, nitasema machache. Wengine mmejaza kwa kufuatana na rafiki. Wengine mmeiacha VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, kwa sababu mnaona ni ya walioshindwa. Mimi nimefanya kazi na mafundi waliolipwa vizuri kuliko wenye shahada waliokuwa ofisi ya juu, na wadogo zenu walioanza kidato cha kwanza mwaka 2024 tayari wamewekewa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, katika baadhi ya shule. Hata aliyejifunzia gereji anaweza kupimwa na VETA akapata cheti cha ujuzi alionao.

Kuna jambo ambalo nataka mlishike kuliko yote, na ni majina yenu.

Nilipostaafu nilikwenda kufuatilia mafao yangu. Karani wa kiwanda cha kwanza aliniandika Ramadhani. Karani wa kiwanda cha pili aliniandika Ramadhan, bila ile "i" ya mwisho. Kwangu ni mtu mmoja, kwenye mafaili wakawa watu wawili, mmoja ana michango ya miaka ya mwanzo na mwingine ya miaka ya mwisho. Nilihangaika miezi saba. Nilikwenda kwa wakili kula kiapo, nikatafuta barua kwa mtendaji wa kata, nikamtafuta mtu aliyefanya kazi nami kiwanda kilichokwishafungwa ili athibitishe kuwa mimi ndiye mimi. Mke wangu alikuwa mgonjwa wakati huo na dawa zinahitaji pesa. Herufi moja, wajukuu zangu.

Basi chukueni cheti cha kuzaliwa, mkiweke kando ya cheti cha darasa la saba na fomu ya usajili wa mtihani wenu. Someni herufi kwa herufi. Je, ni Elizabeth au Elizabeti? Jina la babu lipo huku na halipo kule? Tarehe ya kuzaliwa inafanana? Kama kuna tofauti, mwone mwalimu wa taaluma wiki hii, msingoje cheti kitoke. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze safari ya RITA, wanakosajili vizazi na vifo, sasa. Anayetegemea mkopo wa elimu ya juu ajue kwamba Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa. Ukifikisha miaka 18 ukaenda NIDA kuchukua kitambulisho cha taifa, nenda na majina yale yale na mpangilio ule ule. Simu, benki, namba ya mlipakodi, hifadhi ya jamii, vyote vitafuata pale.

Mkianza kuajiriwa, ombeni mkataba wa maandishi na mbaki na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ziada inalipwa mara moja na nusu, na kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Usiangalie makato kwenye karatasi ya mshahara tu, fuatilia kama yamefika kwenye akaunti yako ya uanachama. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea lalamiko ndani ya siku 30. Vijana wengi huzimaliza siku hizo nyumbani wakilia.

Pia mtakutana na watu wanaouza kazi. Watawaambia tuma elfu thelathini ya fomu, au hela ya sare, nafasi zinajaa leo. Mwajiri anayekuhitaji hakutozi hela ili akupe kazi. Na ninyi mabinti, usaili haufanyiki gesti, wala haufanyiki saa mbili usiku, hata aliyekupigia akisema yeye ni bosi mkubwa na amekuchagua wewe peke yako. Mwambie mama, shangazi, au njoo uniambie mimi. Hakuna atakayekugombeza.

Mshahara wa kwanza ukichelewa, msikimbilie kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Nimeona kijana wa miaka 22 akinyang'anywa godoro mbele ya mkewe kwa deni lililoanza kama shilingi elfu hamsini. Afadhali umweleze mwenye nyumba ukweli, mapema, kabla hajaja kukugongea.

Mimi nipo. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nakaa barazani kwangu, na hiyo mnaijua. Njooni na vyeti vyenu kwenye bahasha, pamoja na kalamu. Nina miwani mipya, tutasoma majina pamoja, na atakayehitaji mahali pa kujifunzia kazi nitamsindikiza mwenyewe kwa mafundi ninaowaamini. Waliokuja mwaka jana walikuwa wanne. Mwaka huu nimeongeza mabenchi mawili.

Babu yenu,
Morogoro