Uji wenye rangi nzuri

Njombe, Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mzigo wako umefika jana jioni. Umekaa njiani siku mbili lakini haukupotea. Hata kabla sijakata kamba nilishajua unatoka kwa nani, maana boksi zima lilikuwa linanukia iliki, na kijana wa stendi aliponikabidhi akaniuliza, "Dada, humu kuna pilau?" Asante mwaya. Mdalasini huu wa Muheza mkavu hasa, ukiuvunja unalia. Karafuu nimezimimina kitandani nikazihesabu, usinicheke. Huku nazitumia kwa kuhesabu, na sababu yake utaiona mbele.

Umeniandikia kwamba kipupwe kimeingia huko Tanga na mama anajifunika kanga mbili usiku. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Leo asubuhi nimefungua mlango nikakuta nyasi za uwanjani nyeupe pe, umande umeganda, ukikanyaga unasikia kama unakanyaga chumvi ya mawe. Ndoo niliyoisahau nje ina utando wa barafu juu. Jua likichomoza lipo la kuangalia tu, kazi halifanyi. Na hapa ni mjini! Watu wa Makete, wanaokaa juu zaidi kule kuelekea Kitulo, wakiteremka huku wanatushangaa tulivyojikunja. Wao wanaona wamekuja kwenye joto.

Haya, supu yangu ya viazi, magimbi na karoti. Bado nasikia ulivyonicheka kwenye simu: "Supu gani haina mfupa?" Kweli, kwetu ukitaja supu mtu anaangaza macho kutafuta chapati na ndimu, anajua ni ya ng'ombe, au ya pweza kama mambo ni mazuri. Huku nako ni hivyo hivyo. Ile ya mwanzo nilimpelekea mama mwenye nyumba kwenye bakuli na mfuniko juu, kwa adabu zote. Akaifunua, akaikoroga, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, uji wako una rangi nzuri." Mpaka leo anauita uji. Mimi naendelea kuita supu, kwa sababu nikiita futari majirani watadhani nimefunga.

Lakini asili yake ni futari kweli. Mwaka ule wa kwanza, Juni, baridi imenikaba, nikawa naota magimbi ya nazi ya mama yako, yale ya Ramadhani, tui zito limepanda juu na chembe za iliki zinaonekana. Nikaenda sokoni kutafuta nazi. Zilikuwepo tatu, zimesafiri kutoka pwani kama mimi, bei yake ina majivuno, na ile niliyonunua nilipoivunja ilikuwa imechacha. Nikakaa chini nikaitazama. Kisha nikajiambia, sasa wewe uko kwenye nchi ya viazi unalilia nazi? Viazi mviringo vya huku ndivyo vinavyopakiwa kwenye malori kwenda Dar, magunia ya lumbesa yamevimba kichwani kama vilemba. Sado moja napika wiki nzima. Karoti unauziwa bado zina udongo na majani yake, magimbi yanatoka mabondeni kwenye maji maji, viazi vitamu navyo huwa havikosekani. Nikanunua kila kitu nikakirundika chungu kimoja.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilikata vyote, nikatia maji, nikatia viungo, nikakamulia ndimu juu kabisa ili ikate shombo ya udongo, nikafunika. Kilichemka kwa kelele, mvuke umejaa chumba, nikahesabu muda kama wa Tanga, nikapakua. Mwanaidi, viazi vitamu vilikuwa vimevurugika, viazi mviringo vigumu katikati, na magimbi yaliniwasha koo mpaka nilifundisha kidato cha pili siku nzima nakohoa kama mzee wa tumbaku.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenitegulia. Alisema Tanga uko baharini, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yanaanza kuchemka kwenye nyuzi 93 hivi na hayapandi zaidi ya hapo hata ukiweka moto wa jehanamu. Yaani chungu kinapiga kelele za kuiva lakini hakina moto wa kuivisha. Maharage ya huku sasa nimeyasamehe, nilikuwa nayasingizia. Na ndimu nayo ina kisa chake: kitu chochote kichachu kikitangulia kinafanya viazi vikaze, havilainiki upesi. Ndimu, nyanya, zote zingoje mwisho.

Basi siku hizi napika hivi, na nakuandikia kwa kirefu kwa sababu najua utapika siku ya mvua tu halafu utasema mimi muongo.

Magimbi naanza nayo peke yake. Najipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, wewe unajua yanavyowasha. Yana vichembe vidogo vyenye ncha kama sindano, ndivyo vinavyochoma koo, na havikuachi mpaka gimbi liive hasa, uma unapita bila kubishana. Nachemsha matatu ya ukubwa wa ngumi, maji ya kwanza namwaga. Huko kwenu yataiva upesi. Huku nishafua soksi nimeanika ndiyo naenda kuyachoma uma.

Wakati hayo yanaendelea nakaanga viungo vikavu. Hapa ndipo nataka unisikilize, maana wewe mkono wako ni wa pilau, ukiona chungu unataka kumwaga. Kikaango kitupu, moto mdogo. Bizari nyembamba kijiko cha chai kimoja na nusu, mbegu za giligilani kijiko kimoja, pilipili manga punje kumi, iliki tatu. Unavizungusha tu. Mwanzo havinuki kitu, halafu ghafla chumba kizima kinakuwa jikoni kwa bibi. Hapo hapo epua, usingoje viwe vyeusi, vinaingia uchungu ambao hata sukari haiutoi. Natwanga kwenye kinu kidogo, si unga kabisa, nataka nikute punje mbili tatu mdomoni. Karafuu mbili. Mbili, Mwanaidi! Siku moja nilitia sita nikijidai mtoto wa pwani, supu yote ikawa dawa ya jino, ulimi umekufa ganzi mpaka usiku. Mdalasini kipande cha kidole, huo sitwangi, unaelea mzima na kutolewa mwisho.

Sasa chungu kikubwa. Mafuta, kitunguu maji kikubwa kimoja, karoti nusu kilo zimekatwa visarafu. Hizi usiharakishe. Nakaanga kwa moto wa chini nikiwa nasahihisha madaftari, madaftari kumi namna hiyo, mpaka kingo za karoti zimepata wekundu na utamu wake umetoka. Karoti ya kuchemshwa tu ni chakula cha mgonjwa. Ndipo naingiza tangawizi ya kidole gumba iliyopondwa, ile inayotoka Madaba upande wa Songea, kali kuliko ya kwetu, na punje nne za vitunguu saumu, na manjano nusu kijiko, na vile viungo vilivyotwangwa. Manjano lazima yakutane na mafuta kwanza. Ukiyatia kwenye maji yanabaki unga unga, rangi ipo lakini ladha ni ya chaki, na chaki mimi nakula ya kutosha kazini.

Halafu viazi mviringo vinne, magimbi yaliyoiva, maji lita mbili, chumvi. Viazi vitamu viwili vinaingia mwishoni, vikitangulia vinayeyuka. Vikishaiva vyote nashusha, nachukua upekecho. Unakumbuka ule wa marehemu bibi, wa mlenda? Niliubeba kwenye begi, wewe ukaniuliza nakwenda kufungua hoteli? Ndio napekechea. Napekecha nusu tu, nusu nyingine naiacha vipande, ili mtu ajue anatafuna nini. Hapo ndipo rangi inatoka ile anayoisifu mama mwenye nyumba, kama udongo wa Lushoto baada ya mvua.

Kumalizia kuna njia mbili na usizichanganye. Kukiwa na maziwa, na huku maziwa mabichi yapo mengi, natia kikombe kimoja kilichokwisha chemshwa, narudisha motoni kidogo bila kuacha kitokote. Kama sina maziwa nakamua ndimu. Niliwahi kutia maziwa, nikaonja, nikaona panahitaji uchachu, nikakamua ndimu humo humo. Yalikatika mbele ya macho yangu, na wageni wamekaa kitandani wanasubiri. Nikawaambia ndivyo inavyoliwa kwetu Tanga. Samahani, nimewaharibia jina.

Wewe huko tumia tui, usitafute maziwa. Tui jepesi lipikie viazi, zito litie mwisho. Na hiyo itakuwa bora kuliko yangu, najua, sitaki kuisikia.

Kuna jambo nilitaka kukwambia kuhusu mizizi nikalisahau kwenye simu. Kule Kitulo, ile nyanda ya maua wanayoiita Bustani ya Mungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kuna okidi chungu nzima, na chini ya ardhi zina viazi vidogo vidogo. Watu walikuwa wanavichimba kwa magunia kuvipeleka Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga mpaka inakuwa kitu kigumu cha kukatwa vipande kama nyama, wanakiita chikanda. Maua yakawa yanaelekea kwisha, na ni moja ya sababu za kuwekwa hifadhi. Fikiria, mtu anakula shada la harusi! Nilimtania mama mwenye nyumba tuongeze viazi vya okidi kwenye uji wetu, akanikata jicho nikanyamaza.

Umeniuliza tena kama bado naweka jiko la mkaa chumbani usiku. Nimeacha. Huku kila mwaka katika baridi hii unasikia watu wamelala na jiko ndani, milango imefungwa, madirisha yamezibwa matambara, na asubuhi hawakuamka. Ile hewa ya mkaa haina harufu, inakuchukua usingizini. Sasa napika mlango wazi, kibaridi kinanipiga mgongoni na moto usoni, nikimaliza jiko nalitoa nje kabisa hata kama bado lina makaa mekundu yanayonililia. Kisha nakunywa supu bakuli zima nikiwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili, natia soksi, nalala upesi kabla joto halijanikimbia. Pilipili haisaidii, nimejaribu. Inakutoa jasho, na jasho likipoa unaganda mara mbili. Tangawizi na pilipili manga vinakaa tumboni polepole, na kiazi kinachelewa kupoa. Nikiamka saa nane bado tumbo lina uvuguvugu.

Salimia mama, mwambie magimbi nimejifunza, asiwe na wasiwasi, na kwamba sijaoa Mbena bado, wala sijaolewa na Mbena, kabla hajauliza. Kibena chenyewe najua salamu ya "kamwene" tu, na hiyo inatosha kunipunguzia bei sokoni. Ukipata mtu anayekuja upande huu mwezi wa nane, mpe bizari nyembamba nyingine, ile uliyotuma ni nzuri lakini nimemgawia mwalimu wa fizikia nusu. Alinidai ada ya somo. Na uniangalizie fundi wa upekecho pale sokoni, wangu jino moja limeng'oka juzi, nimelitafuta kwenye chungu sikuliona. Nahisi alilipata mama mwenye nyumba, kwa sababu ameniuliza kama kwetu uji huwa unatiwa mfupa.

Anagonga hodi sasa hivi, amekuja na bakuli lake.

Wako,
Zuhura