Umri wa parokia hausomwi kwenye jiwe la msingi

Mhariri,

Waandaaji wa vitabu vya jubilei za parokia hapa Moshi wasikimbilie mwaka uliochongwa ukutani. Jiwe la msingi huonyesha ujenzi ulipoanza tu. Kutabaruku kanisa, yaani kuliweka wakfu, huweza kuchelewa miaka, na parokia yenyewe huzaliwa kwa hati ya askofu.

Kabla ya hati hiyo, wabatizwa wa kigango, yaani kituo kidogo cha waumini chini ya parokia, huandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia mama. Huko ndiko waliko Wakristo wa kwanza wa mtaa, na pembeni mwa majina yao mara nyingi kuna kipaimara na ndoa, hazina ambayo wengi huiruka.

Kagueni pia vichwa vya hati. Jimbo Katoliki la Moshi limekuwapo tangu 1953. Kabla yake, kuanzia 1910, lilikuwa Vikarieti ya Kitume ya Kilimanjaro, yaani eneo la kimisionari ambalo halijawa jimbo. Karatasi ya “Jimbo la Moshi, 1940” imeandikwa baadaye.

Na jamani, kwenye kurasa zilizochanika, selotepu hapana! Gundi yake hugeuka njano na kung’oa wino. Pigeni picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, bila kukibana kitabu mgongo.

Msomaji,
Moshi