Vihisi bubu na boriti yenye ufa

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimewasoma nikanyamaza, lakini ile taarifa yenu ya vihisi visivyotumia waya, vile vifaa vidogo vya kupima chuma kinavyobeba mzigo, eti vitamstaafisha mkaguzi wa miundo ya viwandani, imenishinda. Aliyeiandika hajapata kupanda kwenye boriti ya kreni.

Mimi hupanda. Niliitwa kiwanda kimoja chenye vihisi kwenye kila boriti, na kwenye skrini ya chumba cha udhibiti kila kitu kilikuwa kijani. Nikapanda na tochi. Kando ya mshono wa kuchomelea palichuruzika kutu kutoka chini ya rangi. Nikakwangua: ufa, urefu wa kiganja. Kihisi kilikuwa karibu kiasi cha kukigusa kwa mkono, betri imekufa zamani, na programu bado inaonyesha kipimo cha mwisho ilichopokea, ambacho bila shaka kilikuwa kizuri! Msimamizi akasema betri ni kazi ya waliouza. Waliouza wakasema ni kazi ya mteja. Na hata kihisi kikiwa hai, ujumbe wake unakwama kwenye msitu wa chuma, au unagombania masafa ya gigahezi 2.4 na Wi-Fi ya ofisini, na jua likipanda chuma kinatanuka, kipimo nacho kinapanda bila mzigo wowote kuongezwa. Hayo yote hamkuyagusa.

Mmetaja daraja jipya la barabara kuu ya I-35W kule Minneapolis, Marekani, lililofunguliwa mwaka 2008 likiwa na vihisi zaidi ya 300. Sawa. La zamani lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, kwa kuwa mabamba ya maungio, yale yanayoshikanisha boriti, yalisanifiwa membamba mno. Picha za mwaka 2003 zilikwisha kuonyesha baadhi yake yamepinda. Dalili ilikuwepo, hakuna aliyeifanyia kazi.

Halafu hawa wapaka rangi! Wageni wakitarajiwa tu, kila kitu kinapakwa: kutu, nyufa, bolti zilizolegea, na vihisi vyenyewe. Ukiuliza, unaambiwa ni matengenezo.

Napendekeza hivi. Kihisi kikinyamaza saa nzima, alama yake kwenye skrini igeuke nyeusi, na meza ya meneja mauzo wa kampuni iliyokiuza ihamishiwe chini ya boriti hiyo mpaka betri mpya ifungwe. Kiti nitambebea mwenyewe.

Mkaguzi wa miundo ya chuma