Hangaikia kifuniko kwanza

Mwandani wangu,

Salamu nyingi. Michoro yako ya sanduku la kuwapelekea askari chakula cha moto nimeipata, pamoja na swali uliloliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: povu la ukutani liwe na unene wa sentimita 4 au 8? Kwa ufupi, liwe 4, na nguvu uliyotaka kuimalizia ukutani uihamishie kwenye kifuniko. Lakini najua jibu fupi halijawahi kukutosha, kwa hiyo soma na haya.

Sanduku lako linachukua lita 20 za chakula, na eneo la kuta zake zote, pamoja na juu na chini, ni kama mita mraba 0.8. Nimelipigia hesabu povu la poliurethani la sentimita 4. Chakula kikiingia kikiwa na nyuzi joto 85 na nje kuna nyuzi 10, kuta zitapitisha wati 35 hivi. Kwa saa nne, chakula kitashuka nyuzi sita. Ukiongeza unene hadi 8, umeokoa nyuzi tatu, na umepata dude pana ambalo lori litabeba machache kuliko ulivyopanga. Sioni faida.

Kinachokuibia joto kipo kwingine. Ngozi ya ndani ya sanduku ina uzito wa kilo 4 hivi za polietileni, na asubuhi ya baridi inakuwa na nyuzi 10 kama hewa ya nje. Ukimimina mchuzi wa moto humo, plastiki hiyo inakunywa joto mpaka ilingane na mchuzi, na mchuzi unashuka nyuzi sita nyingine ndani ya muda mfupi tu, kabla hata lori halijawashwa. Yaani ubaridi wa sanduku lenyewe unakula sawa na kuta kwa saa nne. Dawa yake wapishi wa jeshi wanaijua siku nyingi: sanduku hujazwa maji yanayochemka, hufungwa, huachwa lipate moto, kisha maji humwagwa na chakula huingia. Basi lichore sanduku linalokubali kazi hiyo. Liwe na pembe za mviringo ndani zisizobakiza maji, na umbo ambalo mtu mmoja anaweza kuliinamisha bila kujiunguza. Mchoro wako wa sasa una ukingo uliojikunja kwa ndani. Maji yatakaa pale, na mabaki ya chakula yatakaa pale pia.

Kumbuka vilevile kwamba hesabu yangu ni ya sanduku lililojaa. Likijazwa nusu, kuta ni zilezile lakini chakula ni kilo 10, kwa hiyo linapoa mara mbili haraka. Ndiyo maana sipendi wazo lako la kutengeneza kubwa la lita 40 baadaye. Vikosi vidogo vitapelekewa masanduku makubwa yaliyojaa nusu, kila siku.

Sasa kifuniko. Wamarekani katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa na kopo la alumini lenye kuta mbili, na ndani yake vyungu vitatu, kila kimoja na kifuniko chake. Lilidumu jeshini miongo mingi, na nadhani siri yake ilikuwa hivyo vifuniko vya ndani. Askari hawaji kula wote pamoja. Wanakuja wachache wachache, wengine wako zamu, na kila anapokuja mtu kifuniko kikuu kinafunguliwa na mvuke unaondoka. Mvuke ule ndio uliobeba joto. Wakiwa na sufuria tatu zenye mifuniko yake, wanafungua moja na mbili zinabaki zimetulia. Wewe umechora bakuli moja kubwa. Ligawe.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliweka kabisa: tundu la kupumulia. Chakula kikiwa na nyuzi 90, mvuke uliojaa juu yake unasukuma kwa shinikizo la kilopaskali 70. Kikishuka hadi 60, mvuke huohuo umebaki na 20. Mpira wako wa kuziba ukiwa mzuri kama unavyojisifu, tofauti ile inageuka mvuto wa kukifyonza kifuniko. Kifuniko cha sentimita 40 kwa 30 kingekandamizwa na hewa ya nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 600. Hata tukichukua sehemu ya kumi ya hiyo, bado ni kilo 60, na askari mwenye njaa atatafuta bisibisi au sime akipenyeze ukingoni. Hapo ndipo mpira wa kuziba unapokufa. Weka valvu ndogo yenye kitufe kinachobonyezeka kwa kidole chenye glavu, na uizamishe kidogo isivunjike masanduku yanapopangwa. Itasaidia pia yakisafirishwa kwa ndege, maana huko shinikizo hushuka kwa nje.

Mpira wenyewe uwe wa silikoni, uingie kwenye mfereji kwa kubanwa tu, bila gundi, ili mpishi auvue, auoshe na kuurudisha. Uzeeke yeye aagize mpira, asilazimike kuagiza sanduku. Na komeo zisiwe za chuma tupu zinazogongana. Pale mbele usiku, mlio wa chuma unasikika mbali.

Juu ya bakteria nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu katika maelezo yako umeandika kwamba sanduku "linahifadhi chakula kwa usalama kwa muda wa hadi saa kumi na mbili". Futa sentensi hiyo. Sanduku halijui usalama. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na katikati ya hapo ni uwanja wa vijidudu. Clostridium perfringens, ambaye anapenda michuzi ya nyama, mbegu zake huvumilia kupikwa, na kwenye nyuzi 45 hivi anaweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi au zaidi kidogo. Bacillus cereus hufanya yake kwenye wali, na sumu yake inayotapisha haiondoki ukipasha moto tena. Sasa fikiria sanduku lako zuri lenye kuta nene: limefunguliwa, limefungwa, limefunguliwa tena, chakula kimefika nyuzi 48. Kuanzia hapo ule uwezo wake wa kutunza joto unafanya kazi upande wa adui. Sufuria ya wazi ingepoa haraka ikapita kwenye hatari. Lako litakaa humo saa nyingi, vuguvugu, kikosi kizima kikisubiri.

Kwa hiyo nataka tundu la kupitishia kipimajoto, lenye kizibo, lifike katikati ya chakula na si ukingoni. Na ubavuni kuwe na sehemu bapa ya kuandika kwa kalamu ya nta: kilipakiwa saa ngapi, kina nyuzi ngapi, kitupwe saa ngapi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyochora, na mimi ningeliacha povu lote la ziada ili kipatikane.

Vipimo vya nje umevitoa wapi? Katika majiko mengi makubwa sufuria za bapa zinafuata kipimo kimoja cha milimita 530 kwa 325, na jeshi linanunua sufuria hizohizo. Ukichora kipimo cha kwako mwenyewe, utakuwa umewauzia sanduku na utumwa wa sufuria. Anzia hapo kwa ndani. Kwa nje jitahidi ubaki ndani ya 600 kwa 400, kwa sababu masanduku ya kipimo hicho yanajaza bila pengo paleti (jukwaa la kupangia mizigo) ya 1200 kwa 800, na ya 1200 kwa 1000 pia. Najua inabana, kwa urefu unabaki na sentimita 3.5 tu kila upande, kwa hiyo hapo hata zile 4 zitapungua kidogo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kusahau sentimita 8.

Kuhusu kubebwa: Wajerumani na Warusi katika vita ileile walikuwa na vyombo vya mgongoni vya lita 12, vya kumfikisha mtu mmoja mahali ambapo gari halifiki. Lita 12 ndizo mgongo mmoja unaweza kuzitembeza. Lako likijaa litakuwa na kilo 30 na ushee, ni la watu wawili, basi likubali kuwa la watu wawili: vishikio viwe mwisho kwa mwisho, vipana vya kutosha mkono wenye glavu, vilale vyenyewe vikiachwa. Mikanda ya mgongoni uliyoweka iondoe. Inadanganya.

Nyenzo umechagua vizuri, sina neno. Polietileni iliyofinyangwa kwa kalibu inayozunguka haina mshono, na povu hudungwa katikati ya kuta zake. Ila usitoboe ngozi ile kwa skrubu hata moja. Maji yakipenya kwenye povu hayatoki, sanduku linakuwa zito, linanuka, na joto linapita. Bawaba zishikwe kwenye umbo lenyewe la plastiki.

Usilipie kalibu kwanza. Nitumie mchoro mpya wa kifuniko peke yake, wenye valvu, mfereji wa mpira na tundu la kipimajoto, halafu mwombe mpishi mmoja wa jeshi alioshe sanduku la mfano ukiwa umesimama kando, kimya, bila kumwelekeza. Uniandikie alikwama wapi.

Wasalimie nyumbani.

Wako daima.