Aina za mashine pepe zilizojirudia kwenye OpenStack: tunavyozifuta

Fungua fomu ya kuanzisha mashine mpya kwenye OpenStack (programu ya kuendesha wingu la mashine pepe) iliyotumika miaka kadhaa, na kwenye orodha ya aina (flavor), yaani ukubwa wa mashine uliopangwa tayari, mara nyingi utakuta m1.medium, m1.medium2, kati-mpya na kati-mpya-b. Zote zina prosesa pepe 2, RAM ya MB 4096 na diski ya GB 40. Mfanyakazi mgeni anabahatisha tu, na mwisho wa mwezi mhasibu haelewi kwa nini mashine zinazofanana zina bei mbili.

Tusiwalaumu wasimamizi. OpenStack hairuhusu kubadilisha prosesa, RAM wala diski ya aina iliyokwisha kuundwa. Ukitaka diski kubwa zaidi, unaunda aina mpya, na ya zamani inabaki kwa sababu kila mtu anaogopa kuigusa. Mifumo iliyoanza kabla ya toleo la Newton la mwaka 2016 ina mzigo wa ziada: ilikuja na aina tano tayari, kuanzia m1.tiny hadi m1.xlarge.

Hofu yenyewe tunaielewa. Wateja hutuuliza: nikifuta aina, mashine zinazoitumia zitazimika? Hazizimiki. Kila mashine huhifadhi nakala yake ya maelezo ya aina iliyoundwa nayo, kwa hiyo inaendelea kufanya kazi na hata kuwashwa upya. Kinachopotea ni uwezo wa kuanzisha mashine nyingine kwa aina hiyo, au kuhamishia mashine iliyopo kwenye ukubwa huo.

Matatizo huzuka kwingine. Skripti ya Terraform au kiolezo cha Heat (zana za kuunda mashine kiotomatiki) kilichotaja m1.medium2 kitagoma siku kikiendeshwa, na pengine siku hiyo ni ile unayohitaji mashine kwa haraka. Ndiyo maana tunatafuta jina na ID ya kila aina kwenye skripti, violezo na jedwali la bei kabla ya kugusa chochote.

Halafu kuna zinazofanana kwa sura tu. Tunaendesha <code>openstack flavor list --all --long</code>, ambayo huonyesha pia aina za faragha na sifa za ziada. Hapo ndipo unagundua kwamba kati-mpya ina <code>hw:cpu_policy=dedicated</code>: mashine zake hupewa viini vya prosesa visivyogawanywa na mtu mwingine. Ukiifuta ukidhani ni pacha wa m1.medium, mwenye kanzidata nzito atakosa pa kuanzishia mashine yake ijayo. Hiyo tunaiacha, tena tunashauri iundwe upya kwa jina linaloeleza kazi yake.

Kufuta kwenyewe ni <code>openstack flavor delete</code>, basi. Hatuingii kwenye kanzidata kwa SQL. Taarifa za aina moja zimesambaa kwenye majedwali ya flavors, flavor_extra_specs na flavor_projects ndani ya nova_api, kanzidata ya OpenStack inayotunza aina hizi. Anayefuta kwa mkono ama atakataliwa, ama, akizima ukaguzi wa uhusiano wa majedwali, ataacha mabaki yasiyo na mwenyewe. Kabla ya kila amri tunahifadhi matokeo ya <code>openstack flavor show</code>, ili aina ikihitajika tena tuiunde kwa ID ileile.

Ukitaka tukufanyie kazi hii, tutumie kwanza orodha yako ya aina pamoja na skripti na violezo vyote unavyotumia kuanzishia mashine. Tutakurudishia jedwali la zinazofutwa na zinazobaki, na sababu ya kila moja, ulipitie kabla hatujaanza.