Moyo umenikwamisha

Katuba, Lubumbashi, Jumapili jioni

Dada Mwalimu,

Jambo sana. Huku tuko, umeme hakuna tangu juzi, bukari tunapikia makaa. Mama anakusalimu, anasema sahani yake bado iko kwako. Najua nimenyamaza tangu Pasaka. Usininunie, nina shida.

Ni ile doktora ya saikolojia ya michezo. Kama umesikia huko Likasi kwamba nimeiacha, ni yule wa duka la mtaa wa Kenia anayesambaza. Nimekwama kwenye neno moja tu. Karatasi ya maswali ninayotumia inaitwa CSAI-2: maswali 27, mchezaji anazungushia 1 hadi 4 kabla ya mechi. Inapima wasiwasi wa kichwani, wasiwasi wa mwilini, na kujiamini. Kwa Kifaransa mabinti wetu wa timu wanazungushia 3 toka juu mpaka chini, kama wanaosalimia wakwe. Basi nikaitia Kiswahili, na hapo ndipo mambo yakaharibika.

Kila kitu kimekuwa moyo! Moyo inapiga: huo ni mwili. Moyo haitulie: kichwa. Sina moyo: kujiamini kumekwisha. Wenzetu wana droo tatu, sisi kabati moja. Yule winga mfupi aliyepaisha penalti, unamkumbuka, nilimuuliza aliogopa nini. Alikuwa anafungua kamba za viatu, hakuniangalia. "Sikuogopa, Yaya. Moyo ilitangulia, mguu ikabakia." Hiyo niiweke droo gani? Nimetazama video ya simu: filimbi haijamaliza kulia, ameshapiga. Geir Jordet, mtafiti mmoja Mnorwe, alionyesha kwamba wanaoharakisha baada ya filimbi hukosa zaidi. Mtoto wa Katuba kasema lilelile, viatu mkononi.

Profesa wangu anasema nibaki na Kifaransa, eti juri haitasoma Kiswahili cha mtaani. Pengine ana lake... hapana, hana. Kidiaba, yule kipa wa Mazembe, mwaka 2010, siku walipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, anashangilia kwa kudunda chini kwa makalio: huyo naye angezungushia 3?

Sasa ombi. Nitakutumia karatasi ya Kiswahili peke yake. Irudishe kwa Kifaransa bila kuona ile ya kwanza, halafu tuziweke pamoja, tuone moyo umepotelea wapi. Shemeji asiiguse, atasahihisha sarufi na kuniharibia kila kitu.

Utaweza kabla ya mwezi kwisha? Huko Likasi mtu akiwa na hofu ya mechi anasemaje, moyo au kingine? Wanafunzi wako wa kike bado wanacheza, au ule uwanja umeshajengwa? Naweza kuja na karatasi zangu Jumamosi moja? Na ile sahani, ya maua mekundu, unayo kweli?

Mdogo wako