Dawa ya presha nayo ifike zahanati ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Shikamoo kwa wasomaji wote walionizidi umri. Nimekuwa nasoma tu siku zote bila kuandika ila hili limenikaba tangu niliporudi kutoka kijijini wiki mbili zilizopita, nisipolitoa silali.

Mama yangu ana miaka 74, anaishi kijijini huko Singida na wajukuu wawili, presha anayo mwaka wa tisa sasa. Nilipofika nikamwomba nizione dawa zake, akafungua pindo la kanga akatoa kimfuko cha nailoni, ndani vidonge vyote vimekatwa nusu, vingine robo, kakata kwa wembe. Namuuliza mama mbona hivi, ananiambia mwanangu nikimeza kizima mwezi haufiki, nameza zile siku kichwa kinauma. Nikabaki nimekaa kwenye kigoda sina la kusema, maana kila nikipiga simu namuuliza mama dawa unameza, ananijibu nameza mwanangu, na kweli alikuwa hadanganyi.

Kesho yake tukaenda zahanati, ni kama dakika arobaini kwa mwendo wake. Ukutani pana tangazo la kumpisha mzee atibiwe kwanza na watu walimpisha kweli, nesi alimwamkia vizuri, sina ugomvi nae hata kidogo. Mashine ya presha ipo ila betri zimekufa, nikatoka mbio dukani kununua betri nne ndo mama akapimwa, 178 kwa 102. Ikumbukwe ukifika 140 kwa 90 tayari ni presha ya kuangaliwa. Halafu tukaambiwa dawa hapa hamna, nendeni hospitali ya wilaya au mkanunue duka la dawa. Bodaboda kwenda na kurudi ni 16,000. Mama hela ya kufuata dawa anaitoa kwenye kuku, na mdondo ukipita kuku wanaisha wote, kwa hiyo mwaka wa mdondo ndo mwaka wa wembe.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 na inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Kitambulisho cha matibabu mama anacho, kakitunza sandukuni kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki. Sasa anachopata bure ni kupimwa na kuandikiwa, kidonge chenyewe anunue, nauli atoe, hiyo bure mzee wa kijijini anaiona wapi?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Zahanati hiyo hiyo watu wanachukua ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wanapewa za miezi mitatu, wengine hadi sita, bure kabisa, na mtu asipotokea siku yake kuna mhudumu anamfuatilia mpaka kwake. Nisieleweke vibaya jamani, hizo dawa zimewabakiza hai watu wa ukoo wangu na namshukuru Mungu kila siku, nachosema ni kwamba njia ya kufanya hivi tunayo na tumeizoea miaka mingi. Kidonge cha kumeza kila siku maisha yote kimeweza kufika kijijini kwetu, kikakaa kabatini, mgonjwa akaandikwa kwenye daftari na tarehe yake ya kurudi, sasa cha presha na cha sukari kinashindikana wapi? Najua ARV zina fedha za wafadhili. Dawa nyingine zahanati inaagiza MSD, yaani bohari ya dawa ya serikali, kwa mgao wa serikali na makusanyo yake yenyewe, na zahanati ambayo wagonjwa wake wengi ni wazee na watoto wa kutibiwa bure hayo makusanyo inayatoa wapi? Hapo ndo pa kushika. Anayetunga sera ya bure atenge na hela ya hiyo bure, iende kwenye zahanati moja kwa moja na ijulikane ni ya dawa za wazee. Sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023 na nimeifurahia, ila kadi ya bima mbele ya kabati tupu haimponyi mtu.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa majembe, mwaka jana alianguka shambani, upande wa kulia ukafa na mdomo ukapinda. Watu wakasema karogwa, akakaa kwa mganga wiki tatu. Ilikuwa kiharusi, na presha hakuwahi kupimwa hata mara moja maisha yake yote, maana ubaya wa presha mara nyingi haisemi, mtu analima vizuri tu anajiona mzima. Sasa hivi mkewe, bibi wa miaka sitini na kitu, ndo anamgeuza kitandani usiku na mchana, na yeye mwenyewe mgongo umeshapinda. Tukihesabu gharama ya kidonge tuhesabu na huyo bibi.

Na elimu nayo iwe ya huko huko kwetu. Mama kila akienda kliniki anaambiwa punguza chumvi na kweli kapunguza, ila mlenda wetu unapikwa na magadi, na magadi yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi. Miaka tisa hakuna aliyemuuliza anapikaje mboga! Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao serikali ilizindua mpango wao 2024 ni watu wa kijiji hicho hicho, wanajua mlenda, wapewe mashine za presha na betri za akiba wapite nyumbani kwa wazee. Zanzibar wao tangu 2016 wana pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, ilianza na 20,000 kwa mwezi, hata hiyo tu kwa mama ingelipa bodaboda ikabaki na chenji.

Mama nimemwachia vidonge vya miezi miwili, vizima. Mjukuu wake wa darasa la tano nimemfundisha awe anampa kimoja kila asubuhi kabla hajaenda shule. Vitaisha mvua zikiwa zimeanza, na korongo la pale njiani likijaa bodaboda hazivuki, kwa hiyo waheshimiwa wa wilaya na wizara mkisoma hapa naomba mjibu kabla ya mvua.

Msomaji wako,
Dodoma